Bendera Haitoki na Kinyongo

Katika kanisa la mama yangu, bendera haitoki langoni mpaka kila mtu awe ameshikana mkono na kila mtu. Ni kanisa dogo la mabati huko Bondeni, nyuma ya nyumba za zamani za manispaa, na waumini wake wengi ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli. Majirani hawalijui kwa jina lake. Wanaliita kanisa la ngoma. Jumapili ibada ikiisha, watu hupanga mistari miwili uani, miguu mitupu, kanzu nyeupe, na mstari mmoja hupita mbele ya mwingine wakisalimiana. "Mirembe," anasema huyu. "Mirembe," anajibu yule. Ni amani, kwa lugha ya nyumbani kwetu, ila pale uani hakuna anayeitafsiri.

Ukiwa na neno moyoni juu ya mtu, unasimama mbele yake na kulisema hapo hapo. Aliyekosa anaungama, aliyekosewa anajibu, mikono inashikana na mstari unasonga. Ndipo ngoma inapigwa, bendera inatoka, na msafara unazunguka mtaa kwa mwendo wa nusu kukimbia, ukiimba, mpaka vumbi la barabara lifike magotini.

Nilikua nikidhani makanisa yote hufanya hivyo. Nakumbuka mama mmoja akimwambia jirani yake, "Ulikuja kuomba chumvi nikasema imeisha. Haikuwa imeisha." Jirani akajibu, "Nilijua. Niliiona juu ya kabati." Wakashikana mikono. Sisi watoto tulipenda sehemu hiyo kuliko mahubiri, kwa sababu wiki nzima ya mtaa ilipita mbele yetu bila kufichwa. Nilipofika kidato cha tatu niliacha kuandamana. Sikugombana na mtu. Nilianza tu kukaa kando ya ukuta, nikilinda viatu ambavyo hakuna mtu angeviiba.

Chuoni nilisoma historia, na mwaka wa mwisho niliandika insha ndefu juu ya msafara huu. Nilisema kwamba watu waliokatazwa na wamisheni kupiga ngoma kanisani, waliotembea mjini na kipande cha kibali cha kazi shingoni na kusukumwa kando mzungu akipita, walijitwalia barabara kila wiki kwa kuiita ibada. Mhadhiri aliipenda. Mama nilipomsomea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na Roho umemweka wapi?"

Nikamwambia Roho hakuwa kwenye swali.

"Haya," akasema, akaenda kutazama maharagwe jikoni.

Nilirudi nyumbani na digrii ya historia, nikawa nafundisha watoto wa watu hesabu wakati wa likizo. Muda mwingine nilimsaidia mama kibandani. Mama huuza mboga kando ya barabara: viazi, kabichi na karoti zinazoshushwa na lori la Dundori alfajiri, zikiwa bado na udongo mweusi wa kule juu. Mahali pake palikuwa mbele ya uwanja mtupu ambao baadaye ulijengwa ghorofa la maduka yenye vioo. Ghorofa lilipofunguliwa, uwanja uliitwa maegesho, na wamama wa mboga wakaitwa uchafu.

Lazima nieleze pia nafasi ya mama kanisani, maana bila hiyo yaliyofuata hayana maana. Mama ndiye hushika bendera ya mbele. Ni kitambaa cheupe chenye msalaba wa kijani, juu ya mwanzi uliolainika kwa mikono. Kabla yake aliishika baba yake, mtu aliyetumia maisha yake akifunga mataruma ya reli, na aliyekufa bila shamba wala nyumba. Bendera ndiyo aliyomwachia. Bendera ya mbele ndiyo huchagua njia; ngoma hufuata bendera, na watu hufuata ngoma. Mama ana mgongo unaouma na magoti yasiyopanda ngazi, lakini sijawahi kumwona akichoka nyuma ya kile kitambaa.

Mpiga ngoma ni mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuwa rafiki wa kaka zake mama tangu utotoni. Siku za kazi ni soja wa kampuni ya ulinzi, anavaa sweta la buluu na kofia iliyo ndogo kwa kichwa chake. Kampuni ilipopata kazi ya kulinda ghorofa, alipangwa hapo. Kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa ya kuchekesha tu. Alikuwa akipita kibandani asubuhi na kumwambia mama, "Mama bendera, leo bosi yuko, sogeza kidogo," na mama angesogeza kidogo, na yeye angeondoka na karoti moja akiitafuna.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza nikichambua viazi vilivyooza. Masoja walikuja na pikapu na kuanza upande wa juu wa barabara, kwa muuza ndizi, wakashuka meza kwa meza. Hawakupiga mtu. Kelele zilikuwa za wamama, na hata hizo hazikudumu. Walipofika kwetu, aliyeshika meza ya mama alikuwa mpiga ngoma. Alisema, "Mama, tafadhali songa," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayesoma tangazo. Mama hakusonga. Alisimama tu akimtazama usoni. Meza ikainuliwa na vitu vikiwa juu yake. Kabichi zikabiringika barabarani, na karoti zikaingia chini ya gari. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mathe, leo mmepatikana," si kwa ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Pikapu iliondoka na meza. Tulikusanya kilichokusanyika katika gunia moja tukarudi nyumbani kwa miguu.

Jioni mama aliosha karoti moja moja katika karai. Nilikuwa na mengi ya kusema, kuhusu kampuni, kuhusu nani anamiliki kando ya barabara, kuhusu neno uchafu. Nilisema mengi ya hayo. Yeye alisema, "Jumapili iko," nami nikajua atamsamehe, na nikakasirika mapema.

Hasira hiyo ilinipeleka kwa pasta siku iliyofuata. Pasta wetu ni fundi cherehani. Kanzu zote za kanisa ameshona yeye, barazani kwake, na huko ndiko watu humtafuta wakiwa na shida. Nilimkuta akitia upindo.

"Pasta," nikasema, "mtu akitumwa kufanya ubaya, anaungama nini?"

"Anaungama alichofanya."

"Na aliyemtuma?"

"Aliyemtuma ataungama lake, mahali pake."

"Asipokuja?"

Alicheka, bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wewe unauliza kama polisi. Ungama lako, la mwenzako mwachie mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Si kila kitu cha Mungu kinakaa kwenye karatasi, binti yangu. Na wewe siku hizi huandamani, hii sheria inakuuma wapi?"

Nilikuwa nikifikiria kwamba kwa sheria hiyo, uani petu watakutana daima muuza mboga na soja, mfua nguo na mpangaji, watu wadogo wakiombana msamaha kwa mambo yaliyoamuliwa na wengine kwingine. Anayeamua hana haja ya kuja. Wala jina lake haliwezi kutajwa, maana kulitaja ni kuungama la mwenzako. Na huyu wa kwetu alikuwa karibu kuliko nilivyotaka kufikiri. Mwenye ghorofa si muumini wa kanisa letu. Huabudu mahali penye viti vya kitambaa. Lakini mabati yetu ya zamani yalipotoboka, yeye ndiye aliyetuletea mengine. Kila Jumapili, kabla ya sadaka, tulimwombea. Pasta alimwita mfadhili wetu.

Jumamosi, tukimenya njegere, nilimwambia mama jambo ambalo babu aliwahi kuniambia. Nilikuwa mdogo, naye macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Alisema kwamba miaka ya hali ya hatari, wakati wa wazungu, kulikuwa na masikio kila mahali, hata ndani ya msafara. Kulikuwa na mtu aliyevaa kanzu nyeupe kama wengine, na siku ya kazi anakwenda ofisini kwa mzungu kueleza nani kasema nini. Ukisimama uani ukaungama kwamba wewe na fulani mlikuwa na hasira mkagoma, umempeleka fulani jela. Wazee wakakubaliana kila mtu aseme lake peke yake. La mwenzako mwachie mwenyewe.

Mama aliacha kumenya. "Baba alikwambia hayo?"

"Aliniambia."

"Mimi hakuniambia."

"Sina uhakika kama ni kweli, mama. Babu alipenda hadithi. Labda sheria ilikuwepo kabla."

"Baba alipenda hadithi," akakubali, akaendelea na njegere. Hatukulizungumza tena.

Jumapili niliketi ukutani penye viatu. Mistari ikapangwa. Mama alikuwa mbele, bendera mkononi, na mstari wa wanaume ukaanza kupita. Mirembe, mirembe. Mpiga ngoma alipofika mbele yake alinyoosha mkono. Mama hakuutoa wake. Alikuwa ameshika mwanzi kwa mikono yote miwili.

"Mama bendera," mpiga ngoma akasema, "kama nilikukosea juzi, nisamehe."

"Hapo hakuna kama," mama akasema.

"Nilikuwa kazini."

"Najua ulikuwa kazini. Na mimi nilikuwa kazini."

Mstari ulisimama. Walio nyuma walianza kunyoosha shingo. Pasta alikuja, akanong'ona, akaeleza kwa upole lile fundisho la kuacha sadaka pale mbele ukapatane na ndugu yako kwanza. Mama alimsikiliza kwa heshima yote. Kisha akasema, "Kusamehe nimemsamehe tangu Alhamisi, pasta. Nilimsamehe nikiosha karoti. Lakini mirembe bado, na siwezi kuitamka kama haipo."

Pasta akamwuliza anataka nini. Mama akasema anataka jambo lisemwe.

"Ameshasema."

"Amesema kama."

Hakuna kitu kilichotokea baada ya hapo, na hilo ndilo lilikuwa geni. Watu walisimama na kanzu zao juani mpaka watoto wakaanza kulia. Kisha wakavaa viatu, wakaenda nyumbani. Ngoma ilibaki imeinamishwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu Bondeni ilipita Jumapili bila ngoma, na alasiri muuza maji alisimama mlangoni petu kuuliza kama kuna aliyefiwa.

Rafiki yangu wa chuo nilimweleza kwa simu. Akaandika: mama yako amegoma, hiyo ndiyo nadharia yote, mtu wangu, andika haraka. Nadharia haikuwa ikilala nyumba moja na mama. Mama aliamka alfajiri kama kawaida, akaenda kwenye lori la Dundori, na kwa kuwa hakuwa na meza alipanga viazi juu ya gunia, upande wa pili wa barabara, mahali ambapo wateja wake hawakupita. Wamama wa kanisa waliokuwa wakinunua kwake walianza kununua kwingine. Mmoja wa waliobaki alimwambia mbele yangu, "Unatufungia Roho, dada. Mtu mmoja hawezi kufungia watu wote Roho." Mama akamfungia karoti zake katika gazeti na kumwongezea moja.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile: mkono ulionyooshwa, mikono miwili kwenye mwanzi, jua. Safari hii kulikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba bendera si ya ukoo. Pasta akatangaza, bila kumtazama mama, kwamba Jumapili ijayo kama bado, bendera itapata mkono mwingine, kwa sababu msafara hauwezi kulala milele.

Kisha, watu wakivaa viatu, akanijia ukutani.

"Wewe ni damu yake," akasema. "Ukiishika wewe, haitakuwa imetoka nyumbani. Yeye hataona aibu sana."

"Mimi siamini, pasta. Unajua."

"Sijakuuliza kama unaamini. Nimekuuliza kama una mkono."

Ilikuwa hoja nzuri. Hata sasa naiona nzuri. Nilimtazama mama. Alikuwa akikung'uta vumbi kwenye kitambaa cha bendera kabla ya kukikunja, na alikuwa amesikia kila neno. Hakugeuka. Kama angegeuka na kunikataza, ningekubali kuishika, nadhani, kwa ubishi tu. Nilimwambia pasta nitafikiri, ambalo ni jibu tunalofundishwa chuoni.

Wiki hiyo nilimwuliza mama mara moja tu kama bendera inastahili kupotea kwa sababu ya meza.

"Meza gani?" akasema. "Meza ni mbao. Nitapata mbao."

"Basi ni nini?"

"Nikishika mkono wake nikasema mirembe, mwenye kunitoa pale atakuwa hayupo. Itakuwa ni mimi na kijana wa jirani tumekosana, tukapatana, yamekwisha. Na mimi nitakuwa nimesema kwa kinywa changu kwamba yamekwisha." Akainua sufuria. "Sitaki kumdanganya Mungu na kitambaa cha baba mkononi."

Nilikuwa nimefika karibu na hapo mimi mwenyewe, kwa njia ndefu yenye vitabu. Tofauti ilikuwa kwamba kwangu ilikuwa hoja dhidi ya kanisa, na kwake ilikuwa hoja ya ibada. Sijui bado ni nani kati yetu aliyekuwa akisoma vibaya.

Jumapili ile aliyoitaja pasta watu walikuwa wengi, hata wa tawi la Dundori walishuka na masweta yao mazito, maana habari ilikuwa imepanda mlima pamoja na lori. Mistari ilipangwa, bendera ikiwa bado mkononi mwa mama, maana pasta sikuwa nimemrudia na jibu. Mpiga ngoma alikuja mbele ya mama. Hakunyoosha mkono. Alivua kilemba chake cheupe, jambo ambalo hatufanyi uani, akakishika kifuani.

"Nilibeba meza yako," akasema. "Niliibeba na vitu vikiwa juu. Kabichi zako zilianguka, na moja niliikanyaga kwa makusudi. Ulikuwa unaniangalia na nikataka uache."

Mama aliinamisha kichwa kidogo, kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Nilitumwa," akaendelea.

"Ndugu," pasta akasema haraka, "lako tu. Lako umeshalisema vizuri."

"Mwache," mama akasema.

"Mama, unajua utaratibu."

"Utaratibu naujua. Baba yangu alikuwa pale ulipowekwa. Uliwekwa kwa sababu ya masikio ya mzungu." Alitazama mistari yote miwili, upande huu na upande ule. "Hapa kuna mzungu?"

Kisha sauti ya mzee fulani kutoka nyuma, kavu kabisa: "Mzungu hayuko. Mabati yapo."

Watu walicheka, kicheko cha kweli, hata pasta mwenyewe, kisha kikafa ghafla maana kila mtu alikuwa ameelewa. Jua lilikuwa kali, na juu ya kanisa mabati yalikuwa yakilia, tak, tak, kama yanavyolia yakipata moto. Nilitaka kumwambia mama kwamba nilisema sina uhakika. Ilikuwa imechelewa, hadithi ya babu ilikuwa imeshaanza kufanya kazi, kweli au si kweli.

Mpiga ngoma alikuwa akitazama miguu yake. Ana watoto shuleni, na sote tulijua kwamba neno linalosemwa uani hufika barabarani kabla ya chai. Alivaa kilemba chake tena, polepole, akikizungusha vizuri, nami nikafikiri ndiyo basi, amemaliza.

"Aliyenituma," akasema, "ndiye aliyetuezekea. Alisema mbele zetu, asubuhi ile, hataki kuona mwanamke wa mboga pale. Ndiye tunayemwombea hapa. Na mimi nimekuwa nikisema amina."

Pasta alifumba macho. Sijui kama alikuwa akiomba au akihesabu misumari ya mabati.

Mama alihamisha mwanzi kwenye mkono wa kushoto. Ule wa kulia akaunyoosha.

"Mirembe," akasema.

"Mirembe, mama."

Mstari ukasonga. Wakati wote uliobaki watu walisalimiana kwa haraka na bila kutazamana sana, kama watu waliomaliza mtihani. Ngoma ikachukuliwa mlangoni. Bendera ikatoka.

Njia yetu ya kawaida hukata kulia baada ya nyumba za manispaa, hupita kwenye magereji na kurudi. Mimi nilikuwa nikitembea kando, nimevaa viatu, kama mtu aliye na safari zake. Kwenye njia panda mama alikata kushoto. Nilimwona mpiga ngoma akiona. Fimbo ilibaki hewani kidogo zaidi ya ilivyostahili, msafara mzima ukayumba, kisha pigo likashuka na ngoma ikafuata bendera.

Mbele ya ghorofa hapakuwa na mtu wa maana. Maduka yalikuwa yamefungwa. Soja wa zamu, mwenye sweta la buluu lile lile, alitoa simu akaanza kutupiga picha, akamtambua mwenzake nyuma ya ngoma, akaishusha. Mama alisimama mahali meza yake ilipokuwa. Katika vile vioo tulionekana sote, weupe na vumbi, tukiruka pale pale bila kusonga mbele, maana bendera haikusonga. Waliimba wimbo mmoja mpaka mwisho. Hawakusema lolote juu ya mboga wala juu ya mtu. Kisha mama akageuza mwanzi, na tukarudi.

Ningependa kuandika kwamba kitu kilibadilika siku ile. Kwenye insha ningeandika. Nilichokiona ni hiki: Jumapili iliyofuata pasta aliwaombea wagonjwa, wasafiri na serikali, akafika mahali pa mfadhili, akaenda moja kwa moja kwenye sadaka. Mabati bado yako juu. Mpiga ngoma hakufukuzwa. Alihamishiwa lango la ghala moja huko viwandani, mbali, na Jumapili nyingine huchelewa, na watu humngoja. Meza haikurudi. Kuna wanaosema mama aliharibu utaratibu, na kwamba sasa kila mtu ataungama ya majirani, na kusema kweli nimeshasikia mawili matatu ambayo hayakuhusu uonevu wowote, ni umbea tu uliovaa kanzu.

Jumatatu ile, mara tu baada ya msafara, mama aliazima meza mpya ya muuza ndizi na kuiweka mahali pake pa zamani, mbele ya vioo. Nilimsaidia kupanga kabichi, kubwa chini, ndogo juu. Hatukuwa tumemaliza alipokuja soja mpya, kijana wa rika langu, mgeni kabisa, kofia yake ikimtosha.

"Mathe," akasema, "toa hii meza. Nimetumwa."

Mama alijifuta udongo wa Dundori kwenye leso, akamtazama usoni kwa utulivu, akamnyooshea mkono.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Kwanza niambie. Wewe unaabudu wapi?"